Adui Alipopewa Lugha ya Mama

Nilikuwa sokoni hapa Njombe, nimeshika kiazi nakigeuzageuza kutafuta jicho bovu, simu ikaita. Yule mtafsiri wa filamu wa Makambako amefariki. Aliyenipigia ni kinyozi, jirani yake, mtu ambaye siku zote hamalizi habari bila kuipamba, lakini safari hii alisema maneno machache tu. Marehemu alikuwa anapanga mbao kwenye lori asubuhi, akashika kichwa, akakaa chini, akalala moja kwa moja. Presha. Nilikirudisha kiazi kwenye fungu. Muuzaji akaninunia, nikamwambia nimefiwa. "Pole sana baba," akasema, "lakini kiazi chenyewe hakina kosa." Ndivyo tulivyo watu wa baridi, huruma tunayo ila biashara haisimami. Nikafunga vifungo vya koti nikaenda stendi.

Mnaonisoma mnajua mimi si mtu wa kulialia kwenye safu. Nimezika marafiki, kesho yake nikaandika kuhusu bei ya mbolea. Lakini kilichotokea kwenye msiba huu kimenikwama kooni, na nisipokisema hapa nitakuja kukisema barazani kwa watu wasiohusika, niambiwe nimezeeka vibaya. Turubai lilifungwa kwenye ua wa nyumba aliyopanga, upepo wa Makambako unalipiga huku na huku. Vijana walijaa. Wengine si vijana tena, wana vitambi na watoto wa sekondari, lakini wote walikulia kwenye kibanda alichokuwa akitafsiri filamu, na walimpenda kweli. Walipasua kuni, walichota maji, walikatazana hata kupiga stori kwa sauti. Mwili ulipoletwa kutoka hospitali, ili upite nyumbani kabla ya safari ya kwenda kuzikwa kwao Ludewa, mama yake mzazi akatolewa ndani akiwa ameshikwa huku na huku na wanawake wawili. Ni bibi mfupi, mkongwe, Kiswahili chake kidogo. Alipoliona jeneza akapaza sauti kwa Kipangwa, lugha ya kwao. Mimi ni Mbena, Kipangwa nakiokota tu neno moja moja, lakini maneno ya kilio yanafanana milima yote hii. Alikuwa anasema, mwanangu, unaniacha na nani, nani ataniitikia nikiita. Na hapo, jamani, vijana wakacheka.

Hawakucheka kwa makusudi. Kiliwaponyoka. Mmoja alijiziba uso kwa kofia mabega yakimtikisika, mwingine akakimbilia nyuma ya choo, wengine wakauma midomo mpaka machozi yakawatoka, na machozi yale yalikuwa ya kicheko na ya msiba kwa pamoja. Bibi alisikia. Alikata neno katikati, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, akageuka, akarudi ndani. Hakutoa sauti tena. Nilisimama nimzabe mtu kibao, yeyote aliye karibu, kinyozi akanikamata shati kwa nyuma. "Kaa chini, mzee. Hawajamcheka mama," akaniambia. "Wamemsikia adui." Nilikaa, kwa sababu nilijua anachosema, na nilijua kwamba ni kweli. Nyinyi ambao hamkuwahi kuingia kile kibanda, ngoja niwaeleze.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabanzi, nyuma ya mtaa wa wauza mbao, mabenchi marefu bila egemeo, televisheni iliyofungiwa kwenye sanduku la waya juu ya meza. Filamu zilizopendwa zilikuwa za vita, hasa zile za zamani, ambazo mwenye kibanda alizipata kwa mafungu kutoka kwa wafanyabiashara waliopita na malori. Zilitengenezwa na nchi moja ilipokuwa vitani na nchi nyingine, mabomu bado yanadondoka, ili askari wake wapate moyo na raia wake wapate chuki ya kutosha. Nchi sitazitaja. Siku hizi zina balozi na zinauziana magari. Lakini ndani ya kibanda chetu vita ilikuwa haijaisha hata kidogo, ilianza upya kila mchana baada ya watu kula. Na kama mjuavyo, filamu ya vita kwetu ina watu wawili tu. Kuna stelingi na kuna adui. Stelingi hafi, hata akipigwa bomu atatoka na mkwaruzo shavuni. Adui anatokea porini, anapiga kelele, anakufa.

Marehemu alikaa kando ya televisheni na maiki yake, akiwasemea watu wote. Stelingi hakumsumbua. Stelingi alizungumza Kiingereza, na marehemu alimaliza kidato cha nne na masikio yake yalikuwa mepesi. Tabu ilikuwa kwa adui. Adui alizungumza lugha ambayo hakuna mtu kutoka Makambako mpaka Songea aliyekuwa akiijua, na waliotengeneza filamu hawakujisumbua kuandika chini ya picha anasema nini. Kwa nini wajisumbue? Hawakutaka ajulikane anasema nini. Lakini watazamaji wetu si wa kunyamaziwa. Walikuwa wanapiga benchi: "Mkalimani! Adui kasema nini?" Mwanzoni alibwabwaja tu, maneno yasiyo ya lugha yoyote, wakamzomea. Walijua wanadanganywa. Ndipo siku moja, adui mmoja akiwa anakimbia bondeni anaita wenzake, marehemu akatoa kilichokuja mdomoni, na kilichokuja mdomoni kilikuwa sauti ya mama yake akiwaita watoto kutoka shambani mvua inapokaribia. Kwa Kipangwa. Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Watu walidondoka kwenye mabenchi, na mwenye kibanda akaja mbio kutoka nje akidhani paa limeanguka.

Ukiwa si mtu wa huku huwezi kuelewa kilichochekesha. Wabena, Wakinga, Wapangwa na wengine wa milima hii tunataniana lafudhi tangu tukiwa mgongoni kwa mama zetu. Mtu akisema neno lile lile unalosema wewe, ila kalikunja kidogo mwishoni, tayari umepata mchezo wa jioni nzima. Sasa kumwona mwanajeshi wa bara la mbali, na kofia yake ya chuma na bunduki yake ndefu, anaita wenzake kwa Kipangwa kama mama wa Ludewa aliyeona wingu, weee, hata mimi nilicheka. Nilikuwa Makambako siku hiyo nikisubiri usafiri, nikaingia kibandani kukimbia upepo. Marehemu naye alicheka, maiki mkononi. Hakuona ubaya. Ilikuwa utani, na wa kutaniwa alikuwa yeye mwenyewe, maana kila mtu alijua kwao ni wapi.

Basi, mchezo ukanoga. Kuanzia hapo kila adui aliyetokea kwenye kioo akawa Mpangwa. Kamanda wa adui akitoa amri, marehemu alimpa maneno ya mama yake akifukuza nyani kwenye mahindi. Adui akiwa amejificha shimoni, alimpa minong'ono ya mama yake akisali asubuhi. Adui akichomwa kisu, alimpa kile kilio cha misibani, mwanangu, unaniacha na nani. Alikuwa na kifua cha kuigiza, sauti ilipanda na kushuka vilivyo, na hicho kilio ndicho kilichopendwa kuliko vyote. Watoto wa Makambako walikikariri. Walikuwa wakicheza mpira, aliyefungwa goli analala chini na kulia kwa Kipangwa, wenzake wanamkanyaga. Halafu filamu zikaanza kurekodiwa na sauti yake ndani, zikanakiliwa, zikaingia kwenye memori kadi, zikapanda mabasi, na nasikia mpaka madereva wa Tunduma walikuwa nazo.

Nilikuja kuzoeana naye baadaye, kwenye mgahawa ulio karibu na njia panda, tukinywa chai ya rangi yenye tangawizi kali. Alikuwa mtu wa maswali. Siku moja aliniuliza, "Kaka mwandishi, umewahi kumwona adui anakula?" Nikafikiri anatania. "Sitanii. Nimezitafsiri hizi filamu mpaka nimezikariri. Stelingi anakula, anamwandikia mke wake, anapiga kinanda, anamlilia mwenzake. Adui hana hata mtu wa kumpikia. Anaishije?" Nikamwambia hiyo ni filamu tu. Akatikisa kichwa. "Si filamu tu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukimwonyesha anakula ugali na watoto wake, nani atashangilia akilipuliwa?" Nilikuwa na haraka ya basi, nikamwambia tutaongea. Kumbe mwenzangu alikuwa hanipi falsafa, alikuwa ananiambia shida yake.

Shida ilianza mama yake alipoletwa Makambako. Macho yalikuwa yanazibika, miguu inavimba, na kule kijijini alikuwa amebaki peke yake, kwa hiyo mtoto akamchukua akae naye karibu na hospitali. Siku za mwanzo bibi alitoka na ndoo yake kwenda bombani, kama mwanamke yeyote, akawasalimu watoto kwa lugha aliyonayo. Watoto wakatazamana. Mmoja akainua kidole, akamlenga. "Adui! Adui huyo!" Wakampiga risasi za mdomo pale pale, pa pa pa, halafu wakasubiri aanguke. Bibi hakuanguka, akawasalimu tena, akidhani hawakusikia, nao wakazidi kufurahi maana adui huyu alikuwa sugu. Ikawa kila siku. Akitamka neno, analengwa. Wakubwa waliokuwa bombani walicheka kidogo, wakawaambia watoto acheni utundu, wakaendelea kupanga foleni. Bibi hakujua habari ya filamu. Alichojua ni kwamba watoto wa mjini wakimsikia wanapiga kelele na kumnyooshea kidole, na nyie mnajua bibi kizee akinyooshewa kidole nchi hii anawaza nini. Alimuuliza mwanawe, "Wananiita mchawi? Hapa mjini nimemroga nani?"

Alinisimulia hayo huku anatazama ndani ya kikombe. "Ningemjibu nini, kaka? Nimwambie, hapana mama, hawakuiti mchawi, ni sauti yako nimeiuza kibandani?" Hakumwambia. Alimwambia watoto wa huku hawana adabu. Mama akaacha kwenda bombani. Akaacha kukaa kibarazani. Mwisho alizungumza ndani tu, mlango umefungwa, na hata humo kwa kunong'ona, kwa sababu dirisha lilikuwa upande wa njia. Mwanawe naye akawa ananong'ona. Fikiria hilo, msomaji wangu. Mtu na mama yake, ndani ya nchi yao wenyewe, kwenye mkoa wao wenyewe, wananong'onezana lugha yao kama watu waliojificha vita ikipita nje. Alisema, "Nimekuwa adui kweli, sasa najua anavyoishi." Alisema akicheka, akasukuma kikombe pembeni.

Alijaribu kujinasua, nawaambia ukweli, si kwamba alikaa tu. Alikwenda kwa mwenye kibanda akamwambia Kipangwa basi. Mwenye kibanda akamwambia, "Bwana we, watu hawaji kumwona stelingi, stelingi yuko kila mahali. Wanakuja kumsikia adui." Akaamua kufanya kwa nguvu. Siku hiyo aliniita nije nione, na nilikuwepo, benchi la nyuma karibu na mlango. Filamu ilikuwa ile ile waliyoizoea. Adui alipotokea, marehemu akampa Kiswahili. Kiswahili safi, cha taratibu. Adui akawaambia wenzake, "Jamani mimi nina njaa, tangu jana sijaweka kitu mdomoni." Mwingine akamjibu, "Vumilia, tukirudi nyumbani mke wangu atatupikia." Kibanda kilikaa kimya. Si kimya cha watu wanaosikiliza, ni kile cha watu walioletewa sahani isiyo yao. Stelingi akatupa bomu. Hakuna aliyeshangilia. Mtu mmoja akauliza, "Sasa huyu amekufa kwa kosa gani?" Na hapo wakalipuka. Walipiga mabanzi, walipiga mabenchi, mmoja akarusha gunzi la mahindi likampata marehemu begani. "Adui gani anaongea kama sisi? Mkalimani, turudishie adui wetu!" Mwenye kibanda akamnyang'anya maiki, akaitoa ile filamu, akaweka nakala yake iliyorekodiwa zamani, yenye Kipangwa. Kicheko kikarudi. Marehemu alisimama kando ya televisheni bila maiki, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikilia kilio cha mama yake, na watu wakifurahi.

Aliacha kazi wiki ile ile akaenda kubeba mbao. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mtu akiacha kuuza nyanya, nyanya zinaisha sokoni. Yeye aliacha, sauti yake ikaendelea. Alipita stendi akaisikia ndani ya basi la kosta. Alikwenda kunyoa, akaisikia kwenye simu ya mteja, kinyozi akajifanya kukohoa ili aizime. Alimfuata kijana mmoja aliyekuwa akiingizia watu filamu kwenye simu, akamwomba azifute, kijana akamtazama kama mgonjwa: "Mzee, nikifuta mimi, Njombe nzima watafuta?" Kweli, nani angefuta? Vibanda vyenyewe vikafungwa, watu wakahamia kwenye simu, na vile vilio vikakatwa vipande vipande, vikabandikwa kwenye vichekesho vya watu ambao hata filamu hawajawahi kuiona. Mpaka watoto wa shule waliozaliwa juzi wanakijua kilio cha adui. Hawajui ni lugha. Wanadhani ni mlio.

Nami kwa sababu yake nimekumbuka jambo nililokuwa nimelilaza kichwani tangu utoto. Wakati wa ile vita yetu ya mpakani nilikuwa shule ya msingi, na gari la sinema lilikuja mpaka kwenye uwanja karibu na Uwemba, tukakusanyika sote, wazee mbele na mablanketi yao. Walituonyesha mateka wa adui wamekaa chini, mikono kichwani. Mtangazaji alikuwa anatueleza kwa sauti nzito jinsi walivyo waoga na jinsi walivyojuta. Tulipiga makofi, mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Lakini kulikuwa na mateka mmoja, kijana mwembamba, aliyemgeukia mwenzake akasema kitu. Midomo yake ilionekana wazi. Sauti ya mtangazaji ilipita juu yake, ikamfunika, picha ikabadilika. Sisemi vita ile haikuwa ya haki, tulivamiwa, na ndugu zetu waliokwenda wengine hawakurudi. Ninachosema ni kwamba mpaka leo sijui yule kijana alisema nini. Labda aliomba maji. Labda alimtukana mtangazaji. Alikuwa na kitu cha kusema, na tuliamua kwa niaba yake. Leo vijana wetu wanatazama kwenye simu vita vya nchi wasizoweza kuzionyesha kwenye ramani, wamegawana pande kama mpira, na kila upande una adui wake asiyekula, asiyelia, ambaye maneno yake anapewa na mtu mwingine.

Turudi msibani. Bibi hakula wala hakulia siku ile yote. Wanawake walikuwa na wasiwasi kweli, maana mama asipomlia mtoto wake msiba unamgeukia mwilini, na huyu hakuwa na mwili wa kubeba hilo. Kinyozi alinituliza tulipokuwa tunapanda kosta kesho yake asubuhi: "Akifika kwao atalia. Kule nani atamcheka? Kule kila mtu ni Mpangwa." Nilishika neno hilo safari nzima. Tulipita Njombe, tukakata kona Itoni, tukashuka na kupanda kuelekea Ludewa, ukungu umekaa mabondeni. Mbele yetu lori la mbao lilibeba jeneza na vijana wa Makambako, walioapa kwamba hakuna mwingine atakayembeba Mkalimani wao. Mtu mmoja ndani ya kosta akaanza habari za chuma cha Liganga, ambacho kimekuwa kinakaribia kuchimbwa tangu nikiwa na meno ya utoto, nikamwambia anyamaze. Bibi alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani. Aliporudi kwenye milima yake, watu wakimpungia njiani, wakimwita kwa lugha yake, aliitikia kwa kichwa tu. Mdomo haukufunguka.

Kaburini palijaa watu wa kwao. Walisalimiana Kipangwa, walilia Kipangwa, katekista alisali Kipangwa, na nikaanza kupata moyo. Vijana wa Makambako walilishusha jeneza kwa kamba taratibu mno, kisha wakabaki wamesimama pale pale ukingoni, wamevua kofia. Kabla ya udongo, shangazi mmoja akasema bibi apewe nafasi azungumze na mwanawe. Wakamsogeza. Bibi alitazama chini, akafungua mdomo, halafu akainua macho na kuwaona wale vijana wamejipanga mbele yake. Akaufunga. Shangazi akamhimiza kwa Kipangwa, sema naye, wifi, mwachie aende. Ndipo yule kijana aliyejiziba uso kwa kofia siku ile, baba wa watoto watatu huyo, akapiga magoti kwenye tope. "Mama," akasema, "tunakuomba ulie kwa lugha yenu. Hatucheki, mama. Haki ya Mungu hatucheki."

Bibi alimtazama kwa upole. "Hapana, baba," akamjibu kwa Kiswahili. "Nitawachekesha."

Kisha akainama kaburini. Kiswahili chake alikipata gulioni, alipokuwa akiuza maharage kwa wapita njia, na hakuwa na kingine. Alimwambia mwanawe, polepole, kwa ile sauti ya heshima ambayo mtu humpa mteja: "Haya, kijana. Asante kwa kuja. Karibu tena." Akasogea pembeni, udongo ukaanza kushuka. Kinyozi akashika jembe, nami nikashika jingine.

Basi hilo ndilo ninalowaachia wiki hii, na sina mapambo ya kuliwekea. Filamu ya vita haiachi kufanya kazi vita inapokwisha, na chuki iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali hutafuta mtu wa karibu wa kukaa juu yake. Wakikuonyesha adui, kwenye kioo, kwenye simu, au jukwaani kwa mtu anayetaka kura yako, uliza kwanza anasema nini kwa mdomo wake mwenyewe, na aliyekutafsiria ni nani. Usipopata jibu, usicheke.